Kwa wanandoa mnaokuja kutumikia Lubumbashi

Mkiwaambia majirani kwamba mmeitwa kutumikia kama wamisionari Kongo, mtapewa pole kabla ya hongera. Wasikilizeni, kisha wafungulieni ramani. Goma, ambako habari za vita zinatoka, iko zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa Lubumbashi. Huku chini ni mji wa shaba, jirani wa Zambia, na watu wake wana haraka zao za kawaida: ada za shule, kodi ya nyumba, mechi ya Mazembe. Kilichotutoa jasho mimi na mume wangu hakikuwa Kongo. Ni kwamba maisha yetu yote kila mtu alikuwa na ofisi yake, mimi wodini, yeye kwenye vitabu vya hesabu, halafu ghafla tukawa na kazi moja na gari moja kuanzia asubuhi hadi usiku.

Nawaandikia hasa ninyi mnaotoka Tanzania, Kenya na Uganda. Wanandoa wengi wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (mitaani mtaitwa Wamormoni tu, msinune) bado wanatoka Marekani, na ushauri mwingi mtakaousoma umeandikwa na mtu wa Utah kwa ajili ya mtu wa Utah. Utawafundisha kuosha mboga na kuvumilia joto. Mboga mnajua kuosha. Na joto lenyewe si kivile: mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa mwezi wa sita mtatafuta blanketi la pili.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ninyi si wamisionari vijana. Wale wavulana wanaotumikia miaka miwili na mabinti wanaotumikia miezi 18 wana ratiba ya dakika kwa dakika: kuamka saa 12 na nusu, kusoma, kutoka wawili wawili, kurudi, taa kuzima saa 4 na nusu. Ninyi hakuna atakayewagongea mlango. Mnajilipia wenyewe, mnakuja kwa miezi 6, 12, 18 au 23, na asubuhi ya Jumatatu mnaweza mkajikuta mmekaa mezani mnatazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme tunafanya nini leo. Gawaneni kazi mapema, na mgawane kweli. Sisi tulikubaliana kwamba nyumba na magari ni ya baba, afya ya vijana ni ya mama, na hakuna kumsahihisha mwenzako mbele ya watu. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko mawili ya kwanza. Mume wangu anaendesha gari kama mtu anayehesabu mashimo, na mimi nina mdomo.

Nyumba za wamisionari zitawala muda kuliko mnavyodhani. Mnatafuta nyumba, mnajadili kodi, mnasaini, mnakagua. Mikataba ni ya Kifaransa, kwa hiyo kama Kifaransa chenu ni cha salamu tu, nendeni na muumini anayekijua, asome kila ukurasa kabla kalamu haijagusa karatasi. Sheria ya upangaji ya mwaka 2015 inasema dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Mwenye nyumba atawaomba zaidi bila kupepesa macho, naye mtamjibu bila kupepesa macho pia, kwa heshima, huku mkinywa soda aliyowanunulia. Kodi hulipwa kwa dola, na noti iliyochanika hata upana wa kucha hairuhusiwi kuzeeka mikononi mwa mtu mwingine: itarudishwa kwenu. Zikagueni noti pale pale mnapozipokea, moja moja, hata kama nyuma yenu kuna foleni inayoguna.

Kwenye ukaguzi wa nyumba msihangaike sana na vumbi. Kiangazi vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Angalieni pipa la maji ya akiba, chujio, vyandarua, na mbabula (jiko la mkaa). Narudia: mbabula. Umeme ukikatika, vijana wanapika kwa makala (ndivyo huku wanavyoita mkaa) uani, na hilo halina neno. Lakini ikifika Juni na Julai, baridi inauma, na kijana mwenye akili timamu kabisa ataliingiza lile jiko chumbani, afunge madirisha, alale. Nimeingia chumba kimoja asubuhi nikakuta majivu bado yana uvuguvugu miguuni pa kitanda, na wenye chumba wanalalamika kichwa kuuma. Moshi wa makala usioonekana unaua mtu usingizini. Msiwape mhadhara. Pelekeni mablanketi mwezi wa tano, kabla hawajaanza kujitafutia suluhisho.

Upande wa afya nitasema mengi kidogo, maana ndio wangu. Wamisionari wanaishi wawili wawili, na mmoja akiugua wote wawili wanabaki nyumbani. Kwa hiyo mgonjwa anaficha. Anamwonea huruma mwenzake, au anaogopa simu itafika kwa mama yake. Usimuulize mgonjwa, muulize mwenzake: jana usiku alikula nini, aliamka mara ngapi? Homa isiitwe malaria mpaka kipimo kiseme, na isiitwe uchovu mpaka kipimo kiseme pia. Ile dawa mseto ya kawaida ya malaria inamezwa mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta, na siku ya pili mchana, kijana akishajisikia nafuu, ndipo anapoacha na kumwekea akiba rafiki yake. Mpigieni simu siku ya pili jioni. Siku ya tatu jioni mwambieni apige picha ya karatasi tupu ya vidonge. Atacheka, lakini atapiga. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya mfungo, mgonjwa hafungi. Vijana wengine wanadhani kufunga na homa ni imani zaidi, na hapo sauti ya mama inafanya kazi kuliko barua ya ofisi.

Sasa mambo ya watu, ambayo ndiyo hasa tuliyoitiwa, ingawa hayamo kwenye fomu yoyote.

Kanisa halibatizi watu wanaoishi pamoja bila ndoa halali. Huku ndoa ina ngazi zake: familia, mahari, kisha ofisi ya serikali ya kuandikisha. Mahari si hiari ya wazee tu. Imo ndani ya Sheria ya Familia ya Kongo yenyewe. Matokeo yake mtakutana na watu wameishi pamoja miaka na miaka, wana watoto shuleni, wanapendana, na mahari bado nusu. Vijana wamisionari wa miaka 19 wanafika hapo wanakwama. Wanajua somo, hawajui mjomba. Mmarekani mwema naye anakwama, maana kwake swali lote ni kwa nini baba wa binti asisamehe tu.

Ninyi hamtakwama, kwa sababu mmepita huko. Mume wangu aliwahi kuombwa amsindikize baba mmoja wa Katuba kwenda kwa wakwe. Hakwenda kujadili, na nawasihi waume msijadili, hiyo ni kazi ya wajomba wa mtu mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akasalimia wanaume kwa kugusanisha vichwa kama wanavyosalimiana hapa, akanyamaza. Mazungumzo yalipokaza, mzee wa nyumba akamgeukia: na wewe, kwenu mnafanyaje? Akawaeleza jinsi alivyonitolea mahari kwa mafungu, jinsi baba yangu alivyokataa mbuzi mmoja kwa sababu ya jicho, na jinsi deni lilivyoisha nikiwa tayari na mimba ya mtoto wa pili. Wakacheka mpaka mzee akafuta macho. Mahari haikupungua hata faranga siku ile. Kilichotoka ni tarehe ya kukutana tena, na huku tarehe ni kitu kikubwa.

Mimi wakati huo nilikuwa uani na wanawake, nachambua majani ya sombe (kisamvu). Nilisikia upande wa pili wa habari: mama wa binti hakuwa na tatizo na fedha, alikuwa na tatizo kwamba hakuna aliyekuja kumwona alipolazwa hospitali. Tuliporudi kwenye gari tukaunganisha vipande viwili, kila mmoja na chake, na wiki iliyofuata yule mkwe akaenda kumsalimia mama, mikono ikiwa na sukari na sabuni. Mtu mmoja peke yake asingezipata habari zote mbili. Wanaume hawasemi mbele ya wanawake, wanawake hawasemi mbele ya wanaume, na hata misheni ingekuwa na vijana mia hapo, wasingeingia kule jikoni.

Msichangie mahari. Mtaombwa, na mioyo yenu itataka. Mkichangia ya mmoja mtakuwa mmeinunua kesi ya kila nyumba katika kata (kusanyiko lenu la kanisa), na yule baba atasemwa maisha yake yote kwamba mke wake alilipiwa na wageni. Ni hivyo hivyo kwa ada za shule na dawa. Mwenye shida anaye askofu au rais wa tawi, yaani kiongozi wa kusanyiko lake, na matoleo ya mfungo yapo kwa ajili hiyo. Jibu letu lilikuwa moja, tulilisema kwa upole na kwa sauti moja: umeshaongea na askofu? Ole wenu mmoja akisema hivyo na mwingine akapitisha noti chini ya meza. Watu watajua kabla hamjafika nyumbani, na kuanzia siku hiyo watamsubiri yule laini akiwa peke yake.

Kilio ni hivyo hivyo, wawili kwa sehemu mbili. Baba anakaa nje na wanaume, mama anaingia ndani, chini, kwenye mkeka. Msiende kwa nusu saa mkaondoka mkiangalia saa. Kaeni. Hamhitaji kusema lolote la maana.

Mkialikwa chakula mtapewa bukari (ugali) na samaki, au sombe, msimu wa mvua uyoga, na vinkubala (viwavi) mkiwa na bahati (mimi nasema bahati, mume wangu anasema vingine). Swali litakuja kwenye kikombe. Kahawa, chai na pombe wenyeji wa kanisa wanajua hatunywi. Munkoyo ndio mtihani. Ukiwa umetengenezwa leo ni kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi, watoto wanakunywa. Ukikaa siku kadhaa unachacha na kuwa pombe. Harufu itawaambia, lakini njia ya heshima zaidi ni kumuuliza mama wa nyumba ametengeneza lini. Hakuna anayechukia kuulizwa kuhusu mapishi yake.

Kiswahili chenu kitawafikisha kila nyumba. Watawasikiliza kama wanasikiliza redio, kisha watawajibu kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa na Kibemba ndani yake. Msikisahihishe. Ibada zenyewe mara nyingi ni Kifaransa, na maombi yanapokuja kwa Kiswahili ndipo mtasikia ukumbi unapumua tofauti. Mkutano Mkuu wa kanisa wa Aprili na Oktoba, unaorushwa kutoka Salt Lake, Marekani, unaanza saa 12 jioni kwa saa za hapa, na kikao cha mchana cha Salt Lake kinaangukia saa 4 usiku, basi msimlaumu anayesinzia.

Mtakaowakuta hapa wana historia ndefu kuliko mnavyodhani. Kazi ya kanisa Kongo ilianza Kinshasa mwaka 1986, na waliotangulia walikuwa wanandoa, Ralph na Jean Hutchings. Kabla hekalu la Kinshasa halijawekwa wakfu Aprili 2019, muumini wa Lubumbashi aliyetaka kufungishwa na mke wake (ibada ya hekaluni ya kuunganisha ndoa kwa milele) alikuwa anaangalia hekalu la Johannesburg, na wapo waliouza vitu kufika huko. Hekalu la Lubumbashi lilitangazwa Aprili 2020. Ulizeni watu wazima wawasimulie walisafirije. Ni jioni nzima, na mtajua ni nani wa kumheshimu katika kata yenu.

Kuhusu ninyi wawili: tafuteni jioni moja kwa wiki isiyo ya misheni. Sisi tulichagua Jumatatu baada ya jioni ya nyumbani (kikao cha familia tunachofundishwa na kanisa), simu kwenye droo, bao mezani. Mtagombana ndani ya gari, kila mtu anagombana ndani ya gari, hasa siku ya mechi njia za Kamalondo, ulipo uwanja wa Mazembe, zikifungana. Malizeni kabla hamjashuka, kwa sababu watoto wa mtaa wanasoma nyuso za wageni kwa umbali wa nyumba tatu na habari itamfikia askofu kwa njia ya Msingi (madarasa ya watoto kanisani).

Mizigo: sweta, viatu vya matope, miwani ya akiba kwa yule anayeivunja, picha za wajukuu zilizochapishwa kwenye karatasi maana simu huisha chaji. Saa mrudishe nyuma kwa saa moja kutoka za kwetu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano msiifungie kwenye sanduku kubwa. Itaulizwa uwanja wa ndege wa Luano kabla hata mizigo haijatoka.