Jina Umelibadili, Mguu Je?

Barua za wiki hii kwa safu hii ya udaktari na uandishi, nyingi zaomba dawa. Nimechagua tano, moja ikiwa ya dawa, ili nikatae hadharani.

Dakta, niko kidato cha nne hapa Lamu. Napenda kuandika, baba ataka niwe daktari. Nichague lipi?

Mwanangu, nani kakwambia uchague? Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1994. Lakini fanya hesabu: miaka 6 ya chuo, mwaka wa mafunzo hospitalini, na zamu za usiku ambazo hujui kama leo Jumatatu au Ijumaa. Andika aya moja kwa siku, usingoje likizo. Na Kiswahili chako kitunze. Daktari asiyeweza kumweleza bibi wa Matondoni kwamba dawa ya presha hainywewi siku kichwa kikiuma tu, hata makala hataandika.

Kati ya udaktari na uandishi, kazi ipi ina pesa zaidi?

Hili nimelijibu Ramadhani, nikalijibu Maulidi. Uandishi hauna.

Tumbo laniunguza wiki tatu, niandikie dawa hapa.

Hapana. Safu haina mkono wa kukubonyeza tumbo. Nenda ukapimwe, na ukiona choo cheusi kama lami, nenda leo.

Mimi ni muuguzi. Nimeandika kisa cha mgonjwa wetu, jina nimelibadili, mhariri amekipenda. Nikitoe?

Umeandika "mvuvi wa Kizingitini aliyekatwa mguu kwa kisukari." Jina umelibadili, mguu je? Dada yangu, hapa si Nairobi. Kisa kikisomwa mtaa wa Mkomani asubuhi, adhuhuri mtaa wa Langoni wanacho, na alasiri kimeshapanda boti ya Faza, kisiwa kile kile cha mvuvi wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, lakini mie naogopa zaidi mgonjwa asiyerudi kliniki kwa aibu, akauguza mguu wa pili nyumbani.

Mwendee, msomee chote, kwa Kibajuni, lahaja ya kwao, akitaka. Usimwombe siku unayomfunga kidonda. Mtu hawezi kumkatalia aliyemshika mguu. Mwambie mapema kwamba akikataa, matibabu yake ni yale yale. Akikataa kweli, andika juu ya kukagua nyayo kila usiku na kutotembea pekupeku. Makala hiyo haihitaji mvuvi.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuandika juu ya mama aliyejifungua botini. Jina sikulitaja. Mumewe alinijia barazani na gazeti mkononi, hakunitukana, akaniwekea tu mapajani na kwenda zake.

Kampuni ya vidonge yanilipia ndege na hoteli Malindi ili niisifu. Ni vibaya?

Mstari wako wa kwanza uwe: "Nimelipwa kuandika haya." Mkono ukiwa mzito kuuandika, rudisha tiketi. Nanyi mlioandika juu ya dawa ya kuponya sukari kwa siku saba bila mstari huo, nawasoma.