Kabla hujaifungia karata, tazama imefikaje mezani

Huwa nacheka peke yangu nikiliandika neno "kombo". Kwetu jambo likienda kombo, limeharibika. Kwa wachezaji wa Magic: The Gathering, kombo ni karata mbili au tatu ambazo kila moja ikiwa peke yake haitishi, ila zikikutana mchezo umekwisha. Na kwa yule aliyekaa upande wa pili wa meza, mambo yamekwenda kombo kwelikweli.

Nimeucheza mchezo huu tangu nilipokuja Uingereza kusoma. Siku hizi tunakutana Ijumaa usiku, watu wanne, jikoni kwangu, chai ya tangawizi na karanga (mwenye mafuta mkononi haruhusiwi kugusa karata za mtu). Tunacheza Commander: kila mmoja ana deki ya karata 100, hakuna kurudia karata isipokuwa ardhi za kawaida, na unaanza na uhai 40. Kundi letu nusura livunjike kwa sababu ya karata mbili.

Ya kwanza ni Thassa's Oracle, mana mbili (mana ni nguvu unayolipia karata). Ya pili ni Demonic Consultation, mana moja. Oracle akishuka, kazi yake ni kutazama karata za juu za fungu lako, na akikuta fungu limeisha, umeshinda. Sasa kabla kazi hiyo haijatimia, mwenzetu mmoja anatupa Consultation na kutaja karata ambayo hana kabisa kwenye deki. Sharti la Consultation ni kufunua na kutupa nje ya mchezo mpaka uliyoitaja ionekane. Haionekani, kwa kuwa haimo. Fungu zima linakwenda. Oracle anachungulia, anakuta patupu, tunakusanya karata zetu. Mana tatu tu! Mara ya kwanza tulimpigia makofi. Mara ya nne mfululizo ilikuwa zamu ya tano, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Tukafanya wafanyavyo wengi: tukamfungia Oracle. "Kaka, hapo mnanionea," alisema, lakini akakubali. Ijumaa iliyofuata akaja na Laboratory Maniac, ambaye humpa ushindi anayevuta karata kwenye fungu tupu. Consultation ileile, maumivu yaleyale, tofauti ni kwamba alichelewa kidogo. Tukamfungia Maniac. Akaja na Jace, Wielder of Mysteries, mwenye kazi hiyohiyo. Nikaona tukienda hivi, orodha ya marufuku itakuwa ndefu kuliko deki.

Nikamwomba deki yake nikaipitia karata moja moja. Za kombo zilikuwa mbili kati ya 100. Lakini za kutafutia, zile zinazokuruhusu kupekua fungu zima na kuchukua unayoitaka, mfano Demonic Tutor na Vampiric Tutor, zilikuwa tisa. Kila karata yake ilikuwa moja tu kama sheria inavyotaka, na bado kombo ilikuwa ikimfikia mkononi kila Ijumaa. Mtu akipata turufu mgao mmoja, ana bahati. Akiipata kila mgao, mtazame anayechanga karata.

Basi ukiniuliza kama kombo kali zibanwe, nitakuuliza kwanza inakuja zamu ya ngapi, na katika michezo kumi inakuja mara ngapi. Kombo ya zamu ya kumi inayotokea mara moja kwa mwezi, iache. Hiyo ndiyo watu wataisimulia. Inayotoka mapema na kila mara ndiyo yenye dawa, na dawa mara nyingi iko kwenye zile za kuitafuta na za kuiharakisha.

Kubana karata ibaki moja si jambo jipya. Orodha ya kwanza ya namna hiyo ni ya 1994, mwaka mmoja baada ya mchezo wa Richard Garfield kuingia madukani. Katika Vintage, mtindo wa mashindano unaoruhusu karibu karata zote za zamani, mpaka leo unaruhusiwa Black Lotus moja badala ya nne za kawaida. Lakini Demonic Tutor na Vampiric Tutor nazo zimebanwa hukohuko, na si bure. Ukibana moja ukaacha nne za kuitafuta, umebana nini?

Mfano ninaoupenda ni Splinter Twin, na nakiri nilikuwa shabiki wake. Unamshusha Deceiver Exarch, ambaye akiingia anaamsha kitu chako kimoja kilicholala (karata iliyokwisha kutumika hulazwa). Zamu inayofuata unamvika Twin, inayomwezesha kulala na kutoa nakala yake. Nakala inaingia, inamwamsha Exarch wa kwanza, naye analala tena, anatoa nyingine. Zamu ya nne una jeshi lisilohesabika. Katika Modern, mtindo mwingine wa mashindano, waliifungia Januari 2016. Desemba 2024 wakaifungulia, na Modern haikuanguka. Kwa sababu ina mlango wa kuikabili: ukimwua Exarch wakati Twin iko njiani, mwenzako amepoteza karata mbili kwa moja yako. Niliwahi kufanyiwa hivyo mara tatu siku moja. Nilitoka dukani bila kuaga.

Sisemi kwamba karata yenyewe haifungiwi kamwe. Felidar Guardian na Saheeli Rai walikuwa na mzunguko wa namna hiyo, katika Standard, mtindo wa karata mpya tu, ambako karata ni chache na majibu ni machache. Kila mtu alilazimika kubaki na mana ya kujilinda tangu zamu ya nne, hata kama mpinzani hana kitu mkononi. Aprili 2017 tangazo rasmi lilisema hakuna kitakachobadilika, na siku mbili baadaye Guardian akafungiwa. Waundaji wenyewe walikiri kwamba kombo ile iliwapita. Pale sikuwa na la kutetea.

Pesa nazo. Septemba 2024 kamati ya Commander ilifungia Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu kwa mpigo. Ona kwamba mbili za kwanza hazimalizi mchezo, zinakupa mana ya bure tu, yaani zinaharakisha. Nilikubaliana nao kichwani huku moyo ukiuma, maana Lotus nilikuwa nimeinunua miezi miwili kabla. Waliouma zaidi walifikia kuwatishia wanakamati, na kabla mwezi haujaisha kazi ile ikakabidhiwa Wizards of the Coast, kampuni inayoutoa mchezo. Aibu tupu, kwa ajili ya makaratasi. Tangu hapo, karata ya bei sijaigusa kabla sijaichapisha kwenye karatasi ya kawaida na kuichezea mwezi mzima, kwa ruhusa ya wenzangu.

Wizards walikuja na madaraja matano ya nguvu za deki na orodha ya karata zinazogeuza mchezo. Daraja la tatu unaruhusiwa tatu tu kutoka kwenye orodha hiyo. Oracle yumo, Demonic Tutor na Vampiric Tutor zimo. Ukikaa na wageni, taja daraja lako kabla ya kuchanga karata, na useme wazi kama una kombo ya karata mbili. Sekunde kumi tu.

Kwetu tuliwafungulia wote, Oracle, Maniac na Jace, tukabana za kutafutia ziwe mbili kwa deki. Michezo sasa inafika zamu ya nane, ya tisa. Kombo ya mwenzetu imetoka mara mbili tu tangu hapo, na mara moja kati ya hizo niliizuia nikiwa na mana moja ya mwisho. Juzi ametuma ujumbe kwenye kundi kuomba ya tatu ya kutafutia. Tunapiga kura Ijumaa, na ameahidi kuleta sambusa.