Sinema ya Jumamosi na usomaji wa Biblia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezoea kusoma Biblia kila usiku kabla ya kulala. Jumamosi rafiki yangu hunialika sinema Mlimani City, nasi hurudi Mbezi usiku sana, hata nasinzia kitabu kikiwa mkononi. Je, niache kwenda naye? Msomaji, Mbezi.

JIBU: Ndugu msomaji, usimwache rafiki yako wala usiache kusoma, kinachofaa kubadilishwa ni saa. Jumamosi soma alfajiri, kabla simu haijaanza kuita, kwa kuwa filamu ya saa mbili, ukiongeza foleni ya Barabara ya Morogoro, humaliza jioni nzima. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, na ukisoma sura tatu kila siku na tano Jumapili utaimaliza ndani ya mwaka. Lakini ukiikimbiza ratiba hiyo huku unasinzia, utapita juu ya maneno bila kuyaelewa, na hilo ndilo linalonisikitisha katika barua yako. Siku ya matembezi soma Mithali peke yake: ina sura 31, hivyo tarehe 14 unasoma sura ya 14, kwa dakika chache tu. Zaburi ya 119, yenye mistari 176, iachie siku yenye nafasi.

Mwombe pia rafiki yako mwende onyesho la alasiri, na umweleze sababu waziwazi. Mkitoka mapema mtapata wasaa wa kuizungumzia filamu mliyoiona, nami naamini mazungumzo hayo yana thamani kuliko tiketi.