Nimechoka na ofisi, nataka kuongoza watu mlimani

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 31, naishi Tabata, ni mhasibu kwenye kampuni moja hapa mjini, huu mwaka wa saba. Mwaka jana mwezi wa nane tulipanda Kilimanjaro na wenzangu sita, njia ya Machame, nikafika kilele cha Uhuru, na toka nimeshuka akili haijarudi ofisini. Nafungua eksel naona mawe ya Barranco. Wikiendi tunapanda treni ya SGR hadi Moro na watu wa grupu letu tunaenda kupanda kilele cha Bondwa kwenye milima ya Uluguru, na wameshazoea mi ndo natangulia njia. Nataka mwezi huu huu niandike barua ya kuacha kazi nihamie Moshi nianze kuongoza wageni. Nina mkopo wa mshahara umebaki miezi 14, mama namtumia hela kila mwezi, na mchumba wangu anasema nimerogwa. Nisaidie dada maana wewe njia hii umeipita.
Mhasibu, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na kazi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Hiyo barua ya kuacha kazi naomba usiipeleke mwezi huu, ila hamu yako usiiue, na yote mawili nayasema kutoka moyoni maana mi mwenyewe nilitoka kwenye ofisi ya manunuzi Arusha baada ya miaka sita na sijajuta.

Nianze na kitu ambacho kwenye barua yako sijakiona. Umeniandikia kwamba ulifika Uhuru. Kufika Uhuru ni kazi ya mgeni. Muongozaji kazi yake ni kumtazama mtu mwingine siku sita saba mfululizo, amekula nini, amekojoa mara ngapi, jana alikuwa anapiga stori mbona leo kimya, na ikifika saa ya kumgeuza unamgeuza hata kama amedunduliza hela miaka mitano aje hapo.

Nikupe mfano. Usiku wa kupanda kileleni, pale kambi ya Barafu, watu wanaanza kutembea kama saa tano, saa sita hivi. Nilikuwa na mgeni mmoja baba mtu mzima, mwenye nguvu, siku zote anatembea wa kwanza. Tumeshapita kambi ya Kosovo, tumesimama kunywa chai ya tangawizi, namuona anahangaika na zipu ya koti, anaivuta inamponyoka, anaivuta tena inamponyoka. Nikadhani ni glavu, nikamvua moja, kidole kimoja kimoja nikakishika, vina joto kabisa ila havimtii. Nikamwomba atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kiguse ncha ya mguu wa nyuma, hatua ya tatu akaenda upande kama mtu aliyelewa. Hapo hakuna mjadala tena. Kichwa kuuma kule juu ni kawaida na unaweza kumsubiri mtu ukamtazama, ila akianza kuyumba ujue ubongo unavimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Alinililia yule baba. Alisema kilele kile pale anakiona, na kweli tochi za waliotangulia tulikuwa tunaziona karibu na Stella Point, pale ukingoni mwa kreta. Msaidizi wangu akaendelea na wenzake, mi nikamshika mkono tukashuka mpaka Barafu, tukapitiliza mpaka kambi ya Millennium kwenye mita kama 3,800, na kulipopambazuka akafunga zipu mwenyewe.

Sasa jiulize wewe kama unaiweza hiyo, kumwambia mtu hapana huku analia na wewe unajua kabisa tipu inaweza ikapotea hapo hapo. Mwenye kuiweza hiyo ndo mlima unamhitaji, hata kama hana mbio.

La pili, hutaanza kwa kuongoza. Kilimanjaro huruhusiwi kuongoza mtu bila leseni, na wenye leseni wengi wamepanda ngazi toka chini, wamebeba mizigo, wakawa wasaidizi, ndo wakapewa kundi. Wapagazi wenyewe wanaitana wagumu na jina hilo wamelitolea jasho. Mtu akitoka Dar na digrii yake akataka aruke hiyo ngazi atakuta wamemheshimu mdomoni tu, na siku ya mvua ndo atajua hana mtu. Mi nilibeba mwaka na nusu. Safari ya kwanza mzigo wangu ulipimwa getini Machame, kikomo ni kilo 20, ulisoma 19 na nusu, na ndani ya saa moja kwenye ile njia ya msituni yenye mizizi na tope shingo ilikuwa inatetemeka. Kaka mmoja wa Kibosho akanisimamisha bila kuniuliza kitu, akavua ngata yake, akaikunja upya akaiweka mbele kidogo ya utosi, akasema sasa tembea na usiangalie juu. Tulipofika kambini nilikuwa mtu wa mwisho na hema la wageni lilikuwa limenisubiri mimi. Toka siku ile mgeni akilalamika mahema yamechelewa najua niseme nini.

Haya hesabu. Hii ni fani yako kwahiyo sikai sana. Msimu unajaa Januari hadi mwanzoni mwa Machi, alafu Juni hadi Oktoba, na Krismasi kidogo. Aprili na Mei ni masika, watu wanakaa nyumbani, Novemba nayo inasuasua. KPAP, lile shirika la kutetea wapagazi pale Moshi, kwa miaka mingi kima walichokuwa wanakisimamia ni 20,000 kwa siku kwa mgumu, kwahiyo safari ya siku saba ni 140,000 jumlisha tipu, na mwezi mzuri unaweza ukapanda mara mbili, mara tatu ukijitesa. Toa hapo kodi ya chumba Moshi, hela ya mama na rejesho la mkopo uone kinachobaki mwezi wa tano. Kwa hali uliyonayo leo hakibaki kitu, mdogo wangu, utajikuta unakopa kwa watu ili ulipe benki. Maliza mkopo kwanza. Miezi 14 inaonekana mingi ukiwa umekaa pale kwenye kiti, ila unayo kazi ya kuifanyia.

Kazi yenyewe ni hii. Kisheria una likizo ya siku 28 kwa mwaka. Iombe Agosti au Januari, nenda Moshi ubebe mzigo safari mbili, usilale gesti ya watalii, lala chumba kimoja na wagumu wenzako, kula ugali wao, shuka na magoti yako yakiuma, alafu pumzika siku mbili upande tena. Safari ya pili ndo inasema kweli, ya kwanza mtu anaendeshwa na mzuka. Ukirudi Tabata bado unaitaka, basi unaitaka kweli. Wakati huo huo hao watu wa Bondwa usiwaache, anza kuwaongoza kiofisi kidogo, beba kisanduku cha huduma ya kwanza, andika nani ana pumu nani ana presha, hesabu vichwa kila kituo. Tafuta kozi ya huduma ya kwanza ya porini, ile inayofundisha ufanye nini hospitali ikiwa mbali masaa kumi. Kiingereza najua unacho, ongeza Kijerumani au Kifaransa, jioni jioni, miezi 14 inatosha kufika mahali. Na jifunze mimea. Mgeni atakuuliza lile jiti la pale Barranco lililovaa majani makavu kama koti ni nini, na usimjibu ni mti tu. Ni senesio, na ile aina ya pale inaota Kilimanjaro tu, na hayo majani makavu ndo blanketi lake la usiku.

Ukishaamua toa notisi yako ya siku 28, agana na bosi vizuri, na NSSF uende ukaulize kabla ya kuandika barua maana wengi wanadhani wakiacha kazi wanatoka na michango yao yote siku hiyo. Bima ya afya usikae bila hata mwezi mmoja.

Mchumba wako mpandishe Bondwa Jumamosi moja ukiwa unaongoza. Akuone unavyofanya kazi. Kwa sasa anachokiona ni mtu asiyesikia akisemeshwa.

SWALI: Mwanangu nimemsomesha kwa kahawa na maziwa mpaka digrii, ameajiriwa ofisini, sasa anasema anaacha aende kubeba mizigo ya wazungu mlimani. Marehemu baba yake alibeba ujanani na mgongo haukupona mpaka anakufa. Nimkataze vipi?
Mama wa Rombo

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa mzee. Woga wako una haki na sitaubishia, mgongo wa baba yake umeuona kwa macho yako. Ila ukimkataza ataenda bila kukuaga, na hapo utakosa hata nafasi ya kumuuliza maswali. Halafu mama, huu mlima ni wa kwenu. Hans Meyer, yule Mjerumani, alipofika kileleni 1889 anayekumbukwa kama aliyemwongoza ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, hivyo kuongoza watu sio kazi ya kujidhalilisha.

Mwambie umekubali kwa masharti. Akutajie kampuni anayokwenda nayo kisha mwende wote KPAP Moshi mkaulize kama ni washirika wao. Kampuni ilipe mshahara wenyewe mbali na tipu, mzigo upimwe mbele yake, apate milo mitatu, alale kwenye hema lisilovuja. Koti zito kama hana asipande na sweta la shuleni, KPAP wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bure, anaandikisha anachukua na akishuka anarudisha. Soksi za sufu nunua wewe mama, pea tatu, moja asiivae mchana hata siku moja, ibaki kavu ya kulalia.