ULIZA SISTA: Mama hali kwa mdomo, sasa mswaki wa nini?

SWALI: Shikamoo sista. Mama yangu alianguka ghafla, upande wa kulia ukapooza na kuongea hawezi, amelazwa hapa Dodoma mjini na analishwa kwa mpira wa puani. Mdomo umekauka, ulimi una utando mzito na harufu ni kali mpaka ndugu wakija kumuona wanakaa mbali. Nilitaka kumswakisha, nesi mmoja akasema nisimpe kitu chochote mdomoni, mwingine akasema hali kwa mdomo, sasa mswaki wa nini? Nifanyeje? (Binti wa Kibaigwa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kuuguza. Huyo nesi wa kwanza ana hoja, maana kiharusi kinalegeza misuli ya koo na siku za mwanzo karibu nusu ya wagonjwa hawamezi vizuri, kwa hiyo maji na uji marufuku mpaka apimwe kumeza. Ila katazo hilo ni la chakula na vinywaji, sio la usafi. Huyo wa pili mimi nakataa kabisa. Mgonjwa asiyekula kwa mdomo ndo anahitaji kuswakishwa kuliko hata anayekula, kwa sababu sisi tukitafuna na kuongea mate yanazunguka yanasafisha, mama hatafuni, haongei, analala mdomo wazi, pengine na oksijeni juu, na hii hewa ya Dodoma kiangazi unaijua, mzima tu anaamka midomo imepasuka. Bakteria wanajaa humo, halafu mate yale machafu yanateleza kidogo kidogo kwenda kwenye mapafu bila hata yeye kukohoa. Mpira wa puani hauzuii mate. Hapo ndo nimonia inapoanzia, na nimonia inaua wagonjwa wengi wa kiharusi. Kule Japani kuna utafiti wa nyumba za wazee uliotoka 2002, waliosafishwa vinywa kila baada ya mlo walipata nimonia asilimia 11, wale wengine asilimia 19. Kwa usafi wa kinywa tu jamani!

Sasa mwombe nesi wa zamu asimame na wewe mara ya kwanza. Mnyanyueni mama akae nusu kitako, ikishindikana alale ubavu ili uchafu utoke nje usiende kooni. Nawa mikono, vaa glovu. Chukua mswaki laini wa mtoto, chovya kwenye maji halafu ukung'ute, dawa ya meno weka kama punje ya mtama, povu likiwa jingi atapaliwa. Shavu la upande uliopooza livute taratibu, washa tochi ya simu uangalie ndani, mara nyingi utakuta mate mazito au uchafu umejificha humo na yeye hasikii chochote. Utando uliokauka usiubandue, utatoa damu, ulowanishe kwanza usubiri ulainike. Ulimi futa toka nyuma kuja mbele, povu lipanguse na gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) uliyozungusha kidoleni, ila kidole kiishie kwenye shavu, kisiingie katikati ya meno. Akikohoa au ukisikia sauti ya majimaji kooni, acha hapo hapo umwite nesi. Mara mbili kwa siku mswaki, katikati unalowanisha midomo na ulimi kila baada ya saa chache. Mswaki wa mti najua wengi tumekulia nao lakini kwa mama acha kwanza, nyuzi zake zinakatika. Na ile glisirini na limau ya zamani usipake, inakausha zaidi.

SWALI: Mimi ni muuguzi, wodi inajaa na usiku tuko wachache. Kuna baba wa kiharusi kila nikipeleka mswaki anauma meno. Nimwache? (Nesi, Dodoma)

JIBU: Usimwache mwenzangu, na usimlazimishe. Haumi kwa ubishi, ubongo ulioumia ndo unambana taya. Simama upande anaouona, mwambie unachotaka kufanya, msugue shavu taratibu, halafu mpe mswaki aushike mwenyewe kwa mkono mzima na wewe ushike juu ya mkono wake, wengi wakisikia mswaki mkononi wanafungua wenyewe. Asipofungua, safisha nje ya meno, rudi baadaye. Asiyemeza kabisa weka sakshoni (mashine ya kunyonya mate) karibu kabla hujaanza. Kuhusu uchache wenu naelewa, ila suala la kuswakisha liandike kwenye faili na uliseme kwenye ripoti ya zamu kama unavyosema dawa na presha, maana lisiposemwa kila zamu inadhani zamu nyingine imefanya. Na ndugu wakija kumuona wafundishe, wengi wanakaa pale kitandani hawajui washike nini.

SWALI: Baba ana meno ya bandia, tumuachie asionekane kibogoyo? (Mpwapwa)

JIBU: Kama fahamu hazijakaa sawa yatoeni, yanaweza kumkaba. Akizinduka avae mchana, usiku yatolewe, yaswakiwe, yalowekwe kwenye maji safi, na fizi zake nazo zifutwe. Yakianza kucheza mwambieni daktari, uso ukipooza na mwili ukipungua yanakuwa hayamkai tena. Yawekeni kwenye kopo lenye kifuniko na jina lake, msiyafunge kwenye tishu, wafanya usafi watayatupa na takataka.