Kabla Hujatuma Hela ya Sampla, Nisikilize

Tangu msanii mmoja wa Iringa achukue biti yangu ya mvua mwezi uliopita, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: "Kaka, umetumia mashine gani?" Kijana mmoja wa Makambako yeye ameshadunduliza hela ya viazi na anataka kuagiza MPC, sampla ya kampuni ya Akai (sampla ni mashine ya kurekodi sauti yoyote, kuikata vipande na kuipiga kwa pedi, vile vitufe vya kugonga kwa kidole), kwa sababu maprodyuza wote anaowahusudu wamepigwa picha nayo. Nilimjibu kwa kifupi. Jibu lenyewe refu ni hili, maana najua wenzake mko wengi, na wote tunataka kitu kimoja: biti yetu isikike mbali kuliko Mbeya.

Kiasi nilicholipwa sitakitaja, ila kimerudisha hela ya sampla na chenji ikabaki. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna studio moja hapa mjini niliingia na kisanduku changu mkononi, mwenyewe akakigeuzageuza, akaniambia, "Dogo, hiki ni cha kuchezea watoto. Njoo na laptop." Waliokaa kwenye kochi wakacheka. Mpaka leo nikipita mtaa ule koo linanikauka. Sikumjibu siku ile. Biti imejibu.

Kisanduku chenyewe ni Roland SP-404SX, nilikipata kwa mtu aliyerudi nacho kutoka Afrika Kusini. Kina pedi 12 za sauti, kinahifadhi kila kitu kwenye kadi ya SD, kinatumia betri sita za AA, na kina maiki humo humo ndani. Betri na maiki, hapo ndipo palinipa ushindi, wala si jina la Roland. Zingatia umeme kwanza. Nitalirudia hili tena na tena.

Biti ya mvua ilizaliwa Tukuyu, kwa shangazi. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Ilipoanza kupiga bati la jiko nikachukua mashine, nikakaa mlangoni, nikaanza kurekodi. Shangazi akaniangalia mpaka akachoka. "Mwanangu, mvua nayo inarekodiwa? Kwani huko mjini hainyeshi?" Nikamwamkia tena kwa heshima ili aniache, akacheka, akarudi kwenye ndizi zake. Pembeni ya jiko kulikuwa na sufuria kubwa imefunikwa kifudifudi, na tone moja nene lilikuwa likidondoka kwenye kitako chake. Ti. Kimya. Ti. Nilisogeza mashine karibu mpaka mkono ukalowa. Usiku ule nikalikata lile tone peke yake, nikaushusha mlio wake chini sana, likatoka besi yenye mkia mrefu ambayo hakuna pakti ya sauti za kushusha intaneti itakupa. Mvua yenyewe nikaikata vipande vifupi, ikawa kayamba. Mchi wa shangazi kwenye kinu ukakaa nafasi ya ngoma. Sasa niambie, ningekuwa na mashine inayotaka soketi ya ukutani, ningefanya nini pale jikoni?

Ndiyo maana nikimsikia mtu anataka MPC One namuuliza kwanza: utaitumia wapi? Ni mashine nzuri sana. Ilitoka 2020 kwa dola 699, ina skrini ya kugusa na pedi 16 zinazoitika vizuri kidoleni. Lakini haina betri. Umeme ukikatika kabla hujasevu, kazi imekwenda. Rafiki yangu wa Uyole ilimkuta hivyo katikati ya biti, akakaa gizani na hedifoni masikioni, hana la kusema. Kama roho yako iko kwenye MPC, tafuta MPC Live II, ile ina betri na spika zake. Digitakt, sampla ya Elektron, wale Waswidi, nayo ni tamu kwa kupanga midundo, ila na yenyewe inataka adapta.

SP-404 MKII ya 2021, toleo jipya la kisanduku changu, inapokea umeme kwa USB-C, kwa hiyo pawa benki inaitosha, na betri sita za AA bado zinaingia. Kwa mtu wa huku kwetu, mimi ningeanzia hapo. Hela ikiwa haifiki, EP-133 ya Teenage Engineering ilitoka 2023 kwa dola 299. Inatumia betri nne za AAA, na maiki na spika vimo. Chini yake kuna PO-33, ndogo kama kikokotoo, inabeba sekunde 40 tu za sauti.

Usizidharau sekunde 40. Sampla ya E-mu SP-1200 ya 1987 ilikuwa na takriban sekunde 10, na hip hop ya New York ilijengwa juu yake. Wale jamaa walikuwa wakipiga santuri kwa kasi ya juu wakati wa kurekodi ili ichukue nafasi ndogo, kisha wanaushusha mlio ndani ya mashine. Ule ukwaru tunaoupenda kwenye biti za zamani ulitokana na ubanaji ule.

Betri pia zina mambo yake. Asubuhi ya Isongole, baridi inapouma vidole, betri za kawaida za dukani zinachoka upesi. Mimi natumia za kuchaji, na za akiba nazibeba mfuko wa ndani wa koti zipate joto la mwili.

Vijana wenzangu, tuambiane ukweli. Tumekaa juu ya mali. Treni ya TAZARA inafunga breki pale Iyunga, makonda wanaita Mwanjelwa tangu alfajiri, ing'oma ya Wanyakyusa inapigwa misibani na sherehekeni, halafu mtu anashusha pakti ya ngoma ya mtu wa Ulaya na kujiita prodyuza. Singeli haikuanza hivyo. Watoto wa uswahilini Dar walichukua taarabu na mchiriku waliyoikuta mtaani, wakaikimbiza mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na leo Ulaya inawalipia tiketi za ndege. Sisi wa nyanda za juu tunasubiri nini? Amka, toka nje, rekodi! Huna hela ya mashine? Weka programu ya Koala Sampler kwenye simu uanze leo. Ukiona unaitumia kila siku, hapo ndipo utume hela.

Ukishaamua, angalia adapta. Umeme wetu ni volti 230. Adapta ya Marekani iliyoandikwa 120 peke yake itaungua ukiichomeka. Tazama na ncha pia: SP-404SX inataka volti 9, hasi katikati, wakati Volca, zile mashine ndogo za muziki za Korg, zinataka volti 9 hizo hizo, chanya katikati. Mpelekee fundi mashine na adapta pamoja, asibahatishe.

Na kama unanunua iliyotumika, mwambie muuzaji akutumie video akibonyeza pedi zote moja moja, azungushe kila nobu ya sauti, halafu arekodi neno kwa maiki na kulipiga tena, yote kwa betri bila waya. Akianza kukupa sababu, usitume hela.