Inua kiriba kabla hujashika mpira wa maji

Kila mwaka mvua ndefu zinapokaribia, kitaluni kwetu nje ya mji wa Nakuru huja vijana wawili watatu kujifunza kazi ya miche. Wengine hutoka Njoro, wengine Bahati, na mwaka juzi alikuja dada mmoja wa Ahero, kule Kisumu, aliyetaka kurudi kwao auze miche ya hoho na avokado. Wote huja na maswali yale yale: mbegu gani, mbolea gani, dawa gani. Sijapata anayeanza kwa kuuliza habari za mzizi, wala za chombo ambamo mzizi unakaa. Mimi pia sikuuliza nilipoanza, na miche niliyoipoteza kwa kutojua hilo ni mingi kuliko iliyoliwa na wadudu.

Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza, iwe mna kitalu, banda la plastiki, au ndoo nne tu kwenye roshani ya nyumba ya kupanga kule Section 58 hapa Nakuru.

Mzizi unapumua. Hilo lishike kwanza. Udongo mzuri umejaa vitundu vidogo, na ndani ya vitundu hivyo maji na hewa hugawana nafasi. Ukimwagilia, maji huingia na hewa hutoka; maji yakichuruzika, hewa hurudi. Chombo kisipochuruza vizuri, au ukimwagilia kabla hewa haijarudi, ncha za mizizi hukosa pumzi na kuanza kufa. Hapo ndipo vimelea vya kuozesha huingia. Pythium huangusha miche michanga ya nyanya na kabichi, na Phytophthora ndiyo inayomaliza avokado. Mbegu zao huogelea ndani ya maji ya udongo zikitafuta mzizi uliodhoofika, kwa hiyo udongo unaokaa umelowa ni barabara yao.

Sasa tazama kosa ninaloliona kila msimu. Saa saba mchana, majani ya mche yamelala. Mgeni wa kazi anayaona, anahurumia, anakimbilia mpira wa maji. Lakini angechomeka kidole ndani ya kiriba, ile karatasi ya plastiki ya kukuzia mche, angekuta udongo ni mbichi, hata baridi. Mche huo maji unayo, ila mizizi ya kuyanywa imekufa. Ukiuongezea maji, ile iliyobaki nayo inakufa, kesho majani yanalala zaidi, nawe unaongeza tena. Nimeona meza nzima ya hoho ikiondoka hivyo kwa siku tano, mikononi mwa kijana mwenye bidii kabisa.

Ndiyo maana wiki ya kwanza simpi mtu mpira. Nampa viriba viwili vya kipimo kimoja: kimoja udongo wake umekauka, kingine kimeloweshwa kikaachwa kichuruzike. Anainua kimoja kwa mkono wa kulia, kingine kwa wa kushoto. Halafu kila asubuhi anapita kwenye mistari akiinua viriba na kuniambia kipi kinataka maji na kipi kingoje. Baada ya siku sita saba mkono wake unajua uzito. Udongo wa juu hudanganya, maana jua na upepo huukausha haraka huku chini bado kumelowa. Uzito haudanganyi.

Tuje kwenye vipimo vya viriba, ambavyo huku wengi tunaviita tu karatasi za miche. Vinauzwa kwa inchi, na wageni wengi hawajui inchi zile zinapima nini. Karatasi ya 4 kwa 6 ina upana wa inchi 4 ikiwa imelala bapa. Ukiijaza udongo inakuwa duara, na upana wa hilo duara ni kama inchi mbili na nusu tu. Ndani yake huingia udongo wa karibu nusu lita. Ya 5 kwa 8 huchukua takriban lita moja. Ya 6 kwa 9 huchukua zaidi ya lita moja na nusu. Ukitazama karatasi dukani, ile ya 4 na ile ya 6 zinaonekana kupishana kidogo, kumbe moja ni zaidi ya mara tatu ya nyingine. Hesabu hiyo ifanye kabla hujaamua kuhamisha mche, kwa sababu hutaongeza udongo tu. Utaongeza pia maji ambayo mche hauna mizizi ya kuyafikia.

Hili nililipia. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na miche ya matunda ya pashoni yenye majani manne. Nikaona kuihamisha mara mbili ni kazi ya bure, afadhali niipeleke moja kwa moja kwenye ndoo za lita 10. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua haikatiki, na baridi ya Nakuru mnaijua. Tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku hauna huruma. Wiki ya tatu majani yakageuka manjano kuanzia chini. Nikadhani ni njaa, nikatia mbolea. Nilipokuja kuipindua ndoo moja, mizizi ilikuwa donge dogo kama yai katikati, na kulizunguka ulikuwa udongo mweusi unaonuka kama mtaro. Udongo ule haukuwa na mzizi wa kuunywa maji yake. Katika ndoo arobaini niliokoa sita.

Tangu hapo naenda kwa hatua. Mbegu huota kwenye trei. Mche ukiwa na majani halisi mawili au matatu, na ukiuchomoa unatoka na udongo wake umeshikana bila kumomonyoka, unahamia kiriba kidogo. Mizizi ikishaonekana pembeni pande zote ndipo uhamie kikubwa. Usihamishe kwa kuangalia kalenda. Pindua mmoja, uuone mzizi wake, kisha uamue kwa wote.

Ila ukichelewa nako kuna adhabu, na hiyo huja baada ya miaka, wakati pesa ya watu umeshaila. Mzizi ukifika ukuta wa kiriba hugeuka na kuanza kuzunguka. Ukikaa humo muda mrefu, unajisokota kama kamba. Mzee mmoja wa Subukia alinunua avokado mahali fulani, miche mirefu ya kupendeza, akachimba mashimo ya futi mbili kwa mbili kama alivyoelekezwa, akatia samadi. Mwaka wa tatu upepo ukaangusha miti minne. Alinibebea kisiki kimoja kwenye pikipiki nikione. Chini ya shina mizizi ilikuwa imejiviringa kwa umbo lile lile la kiriba, kana kwamba haikuwahi kutolewa, na mzizi mkuu ulikuwa umekunjika kama ndoana. Hakuna mbolea ingeweza kuunyoosha. Mti wa matunda unaopaswa kuishi miongo uliharibiwa katika miezi michache ya kitaluni. Nilimwonea uchungu sana mzee yule, na tangu siku hiyo sijauza mche uliopitiliza, hata mnunuzi akiutaka kwa sababu ni mrefu.

Ule mkunjo wa ndoana husababishwa siku ya kuhamisha. Mtu anachimba kitundu kifupi kwa kidole, anausukuma mzizi, ncha inapinda juu. Tumia kijiti, fanya kitundu kirefu, shusha mche chini kidogo kuliko unavyotakiwa ukae, kisha uuvute juu polepole mzizi unyooke, ndipo ubane udongo. Na mzizi mkuu ukiwa mrefu kupita kiriba, ni heri kuukata ncha kwa wembe safi kuliko kuukunja.

Vitalu vingi hupanga viriba juu ya ardhi tupu. Mizizi hutoka kwenye matundu ya chini na kuzama ardhini, mche unanenepa, mwenye kitalu anafurahi; siku ya kuuza anaung'oa na nusu ya mizizi inabaki chini. Mteja anafika nyumbani na mche unaonyauka. Ukiweza, tengeneza meza ya waya au ya fito zenye nafasi, iinuke hata futi moja tu. Ncha ya mzizi ikitoka kwenye tundu na kukutana na hewa kavu hukauka, na mzizi hulazimika kutoa matawi ndani ya udongo. Unapata mizizi mingi myembamba, ndiyo inayokula na kunywa. Kama meza huna, inua viriba kila baada ya wiki chache ukate iliyotokeza, na uwe umemaliza kukata wiki mbili kabla ya kuuza, mche upone chini ya neti ya kivuli.

Kuhusu kimo cha chombo, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe kabisa, ishike imelala bapa mpaka iache kudondoka. Sasa isimamishe wima bila kuiminya. Utaona maji yanatoka tena. Sponji ni ile ile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo. Udongo hufanya vivyo hivyo: chini ya kila chombo hubaki tabaka lililolowa ambalo halichuruziki, na unene wake hautegemei kimo cha chombo. Katika beseni fupi tabaka hilo linaweza kuwa nusu ya makao ya mzizi. Katika ndoo ndefu ni sehemu ndogo ya chini. Ndiyo sababu nyanya haifurahii karai pana lakini fupi, hata kama udongo ni mwingi.

Na hapo hapo uache ile desturi ya kuweka kokoto chini ya ndoo eti maji yapite. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo umelisogeza tu tabaka lililolowa karibu na mizizi, na umepunguza nafasi. Toboa matundu ya kutosha chini na ubavuni karibu na kitako, kisha jaza mchanganyiko mzuri toka chini hadi juu. Sisi wa Nakuru tuna bahati ya mawe mepesi ya volkeno, pamisi, yale yanayoelea majini. Wakuzaji wa maua Naivasha huyatumia kama udongo. Mimi huchanganya toroli tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva na moja ya pamisi iliyochekechwa. Mfinyanzi mtupu wa shamba kwenye ndoo utakuwa tofali.

Kwa wa roshani: dania na spinachi wanatosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Sukuma wiki mmoja mpe lita 8 au 10, hoho kadhalika. Nyanya zile zinazopanda kamba, ndoo ya lita 20, usimpe chini ya 15. Chupa za plastiki zinazopitisha mwanga zifunike au zipake rangi, maana mzizi unapenda giza na mwanga utaotesha mwani wa kijani ndani.

Wa Kisumu nawaambia jambo jingine. Ninyi mko kama mita 1,130, na jua la ziwa si kama letu. Nilikwenda kumtembelea yule dada wa Ahero, nikakuta ndoo nyeusi zimepangwa kwenye ukuta unaotazama magharibi. Saa tisa alasiri niligusa ubavu wa ndoo nikaondoa mkono. Upande ule mizizi yote ilikuwa imeungua, imebaki ya upande wa kivuli. Tulizipaka chokaa nyeupe, tukazisogeza mbali na ukuta, tukaweka nyasi kavu juu ya udongo. Ukubwa wa ndoo ninaosema unatosha hapa kwa kumwagilia mara moja, kwenu unaweza kudai asubuhi na jioni, au utumie ndoo kubwa zaidi.

Mbolea ya dukani kwenye chombo kidogo ni chumvi. Punje za DAP zikigusa mzizi zinauchoma, nusu lita ya udongo haina pa kuificha. Tumia kidogo sana, mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu.

Mche ukiugua, usinunue dawa kabla hujautoa kwenye chombo. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, ni mgumu kidogo, na unanuka udongo wa mvua. Uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ganda linavuka kama soksi likaacha uzi. Ukikuta nundu nundu zisizobanduka, hiyo ni minyoo fundo, imekuja na udongo wa shamba lililopandwa nyanya zamani. Nyanya ikinyauka ghafla ikiwa bado kijani na mizizi inaonekana sawa, kata shina karibu na udongo, tumbukiza kwenye glasi ya maji safi, ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria. Huo hauna dawa. Ng'oa, choma, na udongo huo usiurudishe popote.

Vyombo vilivyotumika vioshe kwanza matope yote kwa brashi, ndipo uviloweke dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji. Ukivitumbukiza na matope yake, klorini inaishia kwenye matope. Vianike juani, na usivirundike chini pale mlipopindulia miche iliyooza.